Futi Nane Chini

Kwa miaka tisa nimeandika neno moja.
Mimi, Gudlaug, karani wa mji wa Birkines, Manitoba:
watu mia nane na sitini, mbwa hatujawahesabu,
ziwa upande huu, ngano upande ule,
katikati barabara yenye taa moja
inayopepesa njano tu, maana hakuna wa kusimamishwa.

Neno lenyewe ni Tunasikitika.
Tunasikitika kukujulisha kwamba bwawa la majitaka limejaa.
Tunasikitika, mji hauwezi kupokea choo kimoja zaidi.
Barua arubaini na moja. Nakala zimo kabatini,
droo ya tatu, ile inayokwama.

Wa kwanza alikuwa muuguzi kutoka Manila na wanawe wawili.
Alilala moteli majira yote ya baridi,
Machi ikiisha akahama,
na zahanati ikawa inafungwa Alhamisi na Ijumaa.
Wa ishirini, mwoka mikate.
Wa thelathini na tatu nilimwandikia kwa jina lake kamili,
Stefan Hrynkiw, kama simjui,
kama si mimi niliyemnyonyesha,
nikagonga mhuri, nikabandika stempu,
naye alikuwa analala chini ya sakafu yangu
na mkewe na kichanga, kando ya tanuri la kupasha nyumba joto.
Barua ilichukua siku nne, hadi Winnipeg na kurudi,
ili ishuke ngazi kumi na mbili.

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Yetu tuliyazoa. Kila alfajiri,
Orest na lori lake, mpira mnene kama paja,
akipunguza bwawa lisifurike ziwani.

Na shambani kwa Thorvaldur vigingi vya viwanja
vilisimama na tepe zao za waridi.
Theluji ikavifunika, ikavifunua, mara tisa,
tepe zikapauka, zikawa rangi ya ulimi wa mgonjwa.
Watoto waliozaliwa wakavikuta
walidhani ndivyo shamba lilivyo.

Kisha, Februari, fedha.
Theluthi serikali kuu, theluthi jimbo, theluthi sisi,
na hiyo theluthi yetu ndiyo iliyojaza ukumbi.
Halldora akasema, Nyumba yangu ina miaka themanini, hainuki.
Kwa nini nilipie haja ya mtu ambaye hajafika?
Akapigiwa makofi. Viganja vyangu navyo viliwasha kidogo;
kodi ni kodi.
Orest akasimama, kofia mkononi:
Mzigo wenu naubeba mimi. Nina miaka sabini na moja.
Atakayekuja kuubeba baada yangu, atalala wapi?
Akaketi. Kiti kikalia.
Kura nne kwa tatu.

Usione vyaelea, vimeundwa.
Huku kwetu, usione zasimama, zimechimbiwa:
barafu hushuka futi saba ardhini,
kwa hiyo bomba hulazwa ya nane,
milioni kumi na moja tukazifukia
kama watu wanaoficha kosa.
Waziri alikuja na koleo jipya,
akachota udongo wa kutosha kupanda kitunguu,
akapigwa picha, akawahi ndege.
Mimi niliinama ukingoni mwa mtaro,
nikaita ndani ya bomba tupu, bila jina, "Ee!"
Ikarudi sauti ya mama yangu.

Nilimpigia Stefan usiku huo.
Ana nyumba Brandon sasa, mwendo wa saa nne.
Nikamwambia kiwanja namba saba kinatazama ziwa.
Alinyamaza kitambo. Nikasikia mashine yao ya kuosha vyombo.
Mama, akasema, mtoto ameanza shule.

Leo asubuhi limefika ombi la kwanza:
Harleen Sandhu, mwalimu wa hesabu,
vyumba vitatu, namba saba.
Nimefungua kompyuta, na kabla sijagusa kitu
neno limejitokeza lenyewe juu ya ukurasa.
Nimelifuta kutoka nyuma, herufi moja moja,
mpaka ikabaki T,
nayo nimeiacha, maana labda itafaa.
Chai imepoa. Sijui
barua ya ndiyo huanza vipi.